Weupe Chini ya Changarawe

Barabara inayoteremka kutoka ukingo wa kreta ya Ngorongoro kwenda Olduvai huuacha msitu nyuma kwa muda mfupi sana. Ukungu unakatika, nyasi ndefu zinakatika, vumbi linaanza. Watalii wengi hukipita kipande hiki wamefunga vioo, wakisubiri simba wa Serengeti. Lakini kingo za makorongo ya huko, ambako maji ya mvua yameikata ardhi wima, zinaeleza karibu kila kitu kinachotokea katika nyanda hizo. Juu kuna udongo wa kijivu, mara nyingi wenye changarawe, ambao kwa kawaida haufiki kina cha mita moja na mahali pengine haufiki goti. Chini yake unapita mstari mweupe, mgumu kiasi kwamba udongo laini ulio chini yake ukichukuliwa na maji, mstari wenyewe hubaki umejitokeza nje.

Weupe huo ni chokaa. Udondoshee matone ya ndimu au siki kali nawe utaona mapovu madogo yakichemka. Mpimaji wa udongo hubeba kichupa cha asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa kwa kazi hiyohiyo, na povu lake huwa kubwa zaidi. Ni hewa ukaa inayotoka kwenye kalsiamu kabonati. Udongo unaotoa povu namna hiyo, wenye mawe mengi, ulio kwenye mteremko, katika nchi inayopata milimita 400 hadi 600 za mvua kwa mwaka, ndio mada ya sura hii.

Udongo huu hauna wapenzi. Ule mwekundu wa milimani una wakulima wa kahawa na migomba wa kuusifu. Ule mweusi wa mbugani una watu wa mpunga na pamba. Huu wa vilima vya changarawe na chokaa hupakwa rangi moja kwenye ramani za matumizi ya ardhi, pembeni yanaandikwa maneno "haifai kwa kilimo", na mjadala unafungwa. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Udongo huu unafanya kazi, tena unaifanya vizuri, ila kwa masharti yake. Na sharti kubwa kuliko yote ni kina ambacho weupe unaanzia.

Chokaa yenyewe imetoka wapi? Kwa Ngorongoro na mashariki ya Serengeti, jibu liko kwenye volkano za upande wa kaskazini mashariki. Kerimasi, mlima ambao umeshazimika, ulirusha majivu yenye kalsiamu kabonati kwa wingi. Jirani yake, Oldoinyo Lengai, bado uko hai: ulilipuka mwaka 1917, ukalipuka 1940, 1966 na tena 2007, mbali na miaka mingi ya kutoa lava taratibu ndani ya kreta yake. Ndiyo volkano pekee iliyo hai duniani inayotoa lava ya kabonati. Lava hiyo ni nyeusi, hutiririka kwa wepesi wa kushangaza, joto lake ni kama nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, yaani karibu nusu ya lava ya kawaida, na ikipata unyevu wa hewa hugeuka nyeupe. Mna ndani yake madini ya nyerereiti, yaliyopewa jina la Mwalimu Julius Nyerere, yenye sodiamu na kalsiamu kwa pamoja. Mvua ikinyesha, sodiamu huyeyuka upesi na kuondoka na maji, nyingine ikiishia kwenye maziwa ya magadi kama Natron. Kalsiamu husalia nyuma ikiwa chokaa. Pepo za mashariki zimekuwa zikiyasukuma majivu hayo kuelekea Olduvai na Serengeti kwa maelfu ya miaka, na hata leo tuta la mchanga mweusi lililo karibu na Olduvai, ambalo wageni hupelekwa kulitazama, linaendelea kusogea magharibi mita kadhaa kila mwaka.

Vilima vya Kajiado nchini Kenya vilipata chokaa yao kwa njia nyingine. Huko kuna miamba ya marumaru, yaani chokaa ya zamani sana iliyozikwa, ikapikwa na kukandamizwa ardhini kabla hajapatikana mnyama yeyote wa nchi kavu. Mwamba huo ukivunjika huacha mteremko wa vipande vyeupe na vya kijivu, na udongo wa katikati ya vipande hivyo una chokaa tangu kuzaliwa kwake.

Tena kuna mahali pasipo na volkano ya namna hiyo wala marumaru, na chokaa ipo. Mwaka 1957 Idara ya Kilimo ya Marekani ilianzisha utafiti karibu na mji wa Las Cruces, katika jimbo la New Mexico, uliojulikana kama Mradi wa Jangwa na ukaendelea hadi 1972. Leland Gile, Robert Grossman, John Hawley na wenzao walichimba mashimo na mahandaki kwenye miteremko ya changarawe iliyotokana na miamba isiyo na chokaa kabisa, na bado wakakuta tabaka nene jeupe chini. Mawe yaliyokuwa pale yasingeweza kutoa kalsiamu yote hiyo. Ilikuwa imekuja na vumbi na kwa maji ya mvua yenyewe, kidogo kidogo, kwa muda ambao akili ya binadamu huuona kama milele. Kwa hiyo mtu asidanganyike na rangi ya mawe ya juu. Kilima cheusi kinaweza kuwa na tumbo jeupe.

Jinsi weupe unavyojijenga ni jambo la maji na pumzi. Mizizi na vijidudu vya udongoni hupumua na kutoa hewa ukaa. Hewa hiyo ikiingia kwenye maji ya mvua huyafanya yawe na asidi dhaifu, inayotosha kuyeyusha chokaa. Maji hayo hushuka yakiwa yamebeba kalsiamu. Katika nchi ya mvua nyingi yangeendelea kushuka hadi kwenye chemchemi na mito, na chokaa ingepotelea baharini. Katika nchi kame hayafiki mbali. Mizizi huyanyonya, jua huyavuta, hewa ukaa hutoroka, na chokaa iliyokuwa imeyeyuka huganda palepale maji yalipoishia. Ukoko mweupe unaoota ndani ya birika la chai katika miji yenye maji magumu hutokea kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo kina cha tabaka jeupe ni rekodi ya mahali ambapo mvua za miaka elfu nyingi zimekuwa zikikomea. Hans Jenny, mwanasayansi wa udongo mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Marekani, alilionyesha hili kwa vipimo mwaka 1934: kwenye nyanda kubwa za Marekani, kadiri mvua inavyoongezeka ndivyo chokaa inavyokutwa chini zaidi. Ukitoka Olduvai kwenda magharibi mwa Serengeti unaona mwelekeo huohuo. Mvua inaongezeka, majivu yanakuwa laini, na weupe unazama hadi mahali ambapo jembe halikutani nao tena.

Changarawe huharakisha kazi hii. Mwaka 1966 Gile na wenzake, Peterson na Grossman, walichapisha maelezo ya hatua za kujengeka kwa tabaka la chokaa ambayo wapimaji bado wanayatumia. Kwenye udongo wenye mawe, hatua ya kwanza huonekana chini ya kila jiwe: utando mwembamba mweupe, kwa kuwa tone la mwisho la maji hubaki limening'inia upande wa chini wa jiwe kabla ya kukauka. Baadaye utando huzunguka jiwe zima. Kisha nafasi kati ya jiwe na jiwe hujaa. Mwisho maji hayapati pa kupita, yanatuama juu ya tabaka lililozibwa, na hapo linaota ganda jipya la chokaa lenye mistari myembamba, gumu kuliko yote. Udongo usio na mawe hupitia safari hiyohiyo kwa nyuzi nyeupe na vinundu, lakini huchelewa, maana una matundu mengi zaidi ya kujaza. Mawe yameshachukua nafasi, kwa hiyo chokaa kidogo inatosha kuziba.

Hiyo ndiyo sababu ninawashauri watu wanaopima ardhi kuanza kwa kugeuza jiwe. Chukua jiwe la ukubwa wa yai kutoka sentimita 30 chini, bila kulizungusha, uangalie tumbo lake. Likiwa safi, udongo ni mchanga wa umri au unasukumwa na kuhamishwa kila mara na mmomonyoko. Likiwa na utando, mteremko umetulia kwa maelfu ya miaka. Na ukikuta jiwe la juu ya ardhi limelala na utando wake ukiangalia mbingu, jua kwamba limefukuliwa na kupinduliwa, na udongo uliokuwa umelifunika umekwenda zake.

Chokaa inayoganda inaweza kuhifadhi mambo ambayo udongo wa kawaida ungeyafuta. Nyayo za Laetoli, zilizofukuliwa na timu ya Mary Leakey mwaka 1978, ziliachwa na viumbe waliotembea wima miaka ipatayo milioni 3.66 iliyopita juu ya majivu ya volkano yaliyolowa mvua. Kwa maelezo ya Richard Hay, mwanajiolojia aliyetumia miaka mingi Olduvai na Laetoli, majivu hayo yalishikana haraka kwa sababu ya kabonati zilizokuwamo.

Sasa turudi kwenye mteremko, kwa sababu kilima hakina udongo mmoja. Aliyetupa namna ya kulisema hili ni Geoffrey Milne, mkemia wa udongo aliyekuwa kwenye kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, katika miaka ya 1930. Alipokuwa akitengeneza ramani ya udongo wa Afrika Mashariki aliona kwamba kuchora kila aina peke yake ni kazi bure, maana aina zilezile zilijirudia kwa mpangilio uleule kutoka kileleni hadi bondeni. Mpangilio huo akauita katena, na dunia nzima ya sayansi ya udongo ikauchukua. Ni mojawapo ya mawazo makubwa yaliyotoka Tanganyika, na inashangaza jinsi lisivyojulikana nyumbani.

Katena ya kilima chetu huwa hivi. Kileleni ni mwamba na udongo wa kiganja, unaokamatwa na mizizi ya vichaka kwenye nyufa. Ubavuni ni changarawe tupu pamoja na udongo wa tifutifu wa kijivu, sentimita 20 hadi 50, kisha weupe. Kwenye mguu wa kilima, ambako vilivyomomonyoka juu vimekusanyika, udongo ni mrefu zaidi na tabaka la chokaa ndilo gumu zaidi, kwa sababu linapokea maji ya chokaa ya kilima kizima. Bondeni kuna udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi, mara nyingi wenye vinundu vyeupe ndani yake. Umbali kutoka kileleni hadi bondeni unaweza kuwa wa kutembea kwa miguu kabla chai haijapoa, lakini ng'ombe, mbuzi na punda hawapati kitu kimoja katika sehemu hizo, wala hawakipati kwa wakati mmoja.

Tofauti hiyo inaletwa na jinsi changarawe inavyotumia maji, na hapa watu wengi hukosea. Wanadhani mawe ni hasara tupu. Kwa upande mmoja ni kweli. Udongo wa tifutifu unaweza kushika kama milimita 150 za maji yanayofaa mimea katika kina cha mita moja. Punguza kina kiwe sentimita 40, zinabaki 60. Sasa nusu ya ujazo huo iwe mawe, zinabaki 30. Nyasi zilizo kwenye jua kali hutumia milimita 4 au zaidi kwa siku. Ghala lote linaisha kwa muda wa wiki moja hivi, na baada ya hapo mimea inangoja mvua nyingine au inanyauka. Kila mfugaji wa nchi ya vilima vya mawe anaijua hesabu hii bila kuiandika: nyasi za kilimani ni za kwanza kuota na za kwanza kukauka.

Upande wa pili ndio usiosemwa. Mvua nyingi za nchi kame ni ndogo, milimita 5, 8, 10. Kwenye mfinyanzi wa bondeni mvua ya namna hiyo hulowesha sentimita chache za juu, na jua la siku mbili linayarudisha maji yote angani. Kwenye changarawe mvua ileile inakwenda chini zaidi, kwa kuwa mawe hayashiki maji na kila tone lina udongo kidogo wa kulowesha. Nusu ya ujazo ikiwa mawe, kina cha unyevu kinakaribia kuwa maradufu. Maji yanafika mahali ambapo jua haliyagusi na mzizi unayafikia. Imanuel Noy-Meir, mwanaikolojia wa Israeli, alieleza kanuni hii mwaka 1973: katika nchi yenye mvua chini ya kiasi fulani, alichokiweka kati ya milimita 300 na 500 kwa mwaka, udongo wa chembe kubwa hulisha mimea vizuri kuliko mfinyanzi, juu ya kiwango hicho mambo yanageuka. Vilima vyetu viko palepale mpakani. Mwaka wa mvua haba kilima kinaweza kulishinda bonde, na mwaka wa neema bonde linalipa deni. Anayemiliki kilima peke yake, au bonde peke yake, amenunua nusu ya bima.

Mawe yaliyolegea juu ya ardhi nayo yanasaidia. Yanapokea kishindo cha matone makubwa ya mvua, yanapunguza mvuke, yanaacha maji yapenye pembeni mwao. Lakini uchunguzi wa mmomonyoko, ambao Jean Poesen wa Ubelgiji ni mmoja wa walioufanya kwa kina, umeonyesha kwamba jiwe lililozama ndani ya ganda gumu la udongo hufanya kinyume: linaongeza maji yanayokimbia juu ya ardhi. Ndivyo inavyotokea kandokando ya visima, minada na maboma yaliyokaa sana mahali pamoja. Kwato zinasaga udongo, udongo unafunga, mawe yanakwama humo, na mteremko uliokuwa ukinywa maji unaanza kuyatapika. Makorongo huanzia hapo.

Kuhusu kemia nitasema kwa kifupi. Udongo wenye chokaa una pH ya kati ya 7.5 na 8.5, ukizidi hapo, shuku sodiamu. Katika hali hiyo fosforasi hufungwa na kalsiamu, na chuma, zinki na manganizi hazipatikani kwa urahisi. Mmea usiozoea hutoa majani ya njano yenye mishipa ya kijani. Parachichi na michungwa huonyesha dalili hiyo mapema, na wapo walionunua viwanja kwenye vilima vya namna hii, wakapanda bustani nzima, kisha wakamlaumu muuza miche. Mbolea ya urea ikimwagwa juu tu ya udongo huu inaweza kupotea hewani kwa kiasi kikubwa. Migunga, kikwata na mkonge mwitu wala hawana habari. Hao ndio wenyeji. Korongo la Olduvai lenyewe limejaa mkonge mwitu.

Nyasi fupi za mashariki ya Serengeti na Ngorongoro zinahitaji nafasi zaidi. Majivu mapya ya volkano hayakuleta kalsiamu tu, yalileta na madini mengine ambayo marumaru ya Kajiado haina kwa wingi, fosforasi ikiwamo. Udongo ni mfupi, umekalia tabaka la chokaa, na mizizi ya miti inapata shida kulipenya. Hiyo ni sababu moja kuu ya uwanda ule kuwa mtupu bila miti isipokuwa kwenye miamba na makorongo. Lakini nyasi zinazoota hapo, fupi na zilizosongamana, zina madini mengi kuliko nyasi ndefu za kaskazini na magharibi. Mwaka 1990 Samuel McNaughton alionyesha katika jarida la Nature kwamba malisho ya msimu wa mvua wa wanyama wanaohama yana viwango vya madini ambavyo jike anayenyonyesha na ndama anayekua wanavihitaji. Nyumbu takriban milioni 1.3 huja kuzaa kwenye uwanda huo, wengi wao mwezi wa Februari. Hawaji kwa sababu kuna nyasi nyingi. Kwa wingi wa nyasi wangebaki kaskazini. Wanakuja kwa ubora, na wanaondoka maji yanapokatika, kwa kuwa udongo mfupi hauna akiba na madimbwi yaliyobaki yanakuwa machungu kwa magadi.

Wamaasai wanaujua ubora huo, na ng'ombe wao wangeufaidi, lau si ugonjwa. Ndama wa nyumbu hubeba virusi ambavyo haviwadhuru wao, lakini karibu kila ng'ombe anayeugua kwavyo hufa. Kwa hiyo miezi ya kuzaa kwa nyumbu mifugo husogezwa kwenye miinuko na vilima vya pembeni, na uwanda wenye lishe bora kuliko yote huachwa kwa wanyamapori. Wafugaji hugawa nchi yao kati ya olpurkel, tambarare kavu ya joto, na osupuko, nyanda za juu zenye baridi na maji, na maisha ni kuhama kati ya hizo mbili kwa wakati wake. Hapo kilima cha changarawe kina kazi maalumu. Kinatoa nyasi za siku chache baada ya mvua ya kwanza, wakati mifugo imedhoofu na bonde bado halijaamka, halafu kinapumzishwa. Kikichungwa kwa wiki hizo kinarudi. Kikichungwa mwaka mzima kinabaki mawe.

Mipango mingi ya miaka ya karibuni imesahau jambo hili. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 1968 iliunda ranchi za vikundi, na tangu miaka ya 1980 nyingi za Kajiado zikaanza kugawanywa kuwa mashamba ya mtu mmoja mmoja. Sikatai kwamba hati ya shamba ni kinga dhidi ya wanyang'anyi. Ni hoja nzito na walioisimamia hawakuwa wajinga. Lakini wapima ardhi walikata mistari iliyonyooka juu ya katena. Mmoja akapata mguu wa kilima wenye nyasi na kisima, mwingine akapata ubavu wa sentimita 30 juu ya chokaa, ekari kwa ekari, kana kwamba ekari zote ni sawa. Mwenye ubavu hawezi kuishi hapo mwaka mzima hata awe na bidii ya namna gani. Ama atakodi kwa jirani, ama atauza.

Kampeni za kupanda miti nazo huangukia shimo hilihili, kwa maana halisi. Shimo la sentimita 40 linalokomea kwenye tabaka la chokaa halitoi maji. Mvua kubwa ikija mche unazama, jua likija unakaushwa, na mizizi inazunguka ndani ya shimo bila njia. Kama ni lazima kupanda, shimo livunjwe kwa mtaimbo hadi tabaka litoboke, na mti uwe wa wenyeji. Mara nyingi ni nafuu kuweka mistari ya mawe kufuata kontua na kuchimba matuta ya nusu mwezi, ukaziacha nyasi zirudi zenyewe. Mawe yapo tayari.

Biashara ya kaboni imeleta mtego mpya. Maabara nyingi hupima kaboni ya udongo kwa kuichoma sampuli na kupima hewa ukaa inayotoka. Udongo wenye chokaa huchanganya hesabu, kwa kuwa kaboni ya chokaa nayo inahesabiwa, nayo haikuletwa na malisho mazuri ya miaka mitano. Ni lazima chokaa iondolewe kwa asidi kwanza au ipimwe kando. Jamii inayotia saini mkataba wa miaka 30 au 40 juu ya malisho yake ina haki ya kuuliza swali hilo kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Tabaka jeupe lina matumizi mengine, na wenyeji wasidanganywe kwamba ni taka. Botswana na Namibia zimejenga barabara nyingi kwa chokaa ya namna hii mahali ambapo moramu nzuri haipatikani, na viwanda vya saruji vya Athi River vimekuwa vikichimba chokaa ya aina hii kwenye nyanda za jirani. Ila shimo la machimbo likiachwa wazi juu ya udongo uliochukua maelfu ya miaka kujijenga, hakuna kizazi kitakachoishi kuona ukirudi.

Kwa hiyo, wewe diwani, afisa mipango, mjumbe wa kamati ya ardhi ya kijiji, au mtu anayetaka kununua kiwanja kwenye kilima chenye mandhari nzuri: kabla hujapiga muhuri, chimba mashimo matatu, moja juu, moja ubavuni, moja mguuni. Sururu moja na asubuhi moja vinatosha. Andika kina ambacho weupe unaanzia, kadiria mawe ni sehemu gani ya udongo, geuza jiwe uangalie tumbo lake, dondosha siki. Ukikuta sentimita 40 au pungufu juu ya chokaa ngumu, usigawe kilima hicho kwa uzio. Kiache kiwe malisho ya pamoja ya msimu, na uiandike ruhusa ya mifugo kupita kwenda na kurudi katika mpango huohuo wa matumizi ya ardhi.